Mtumba, duka au fundi? Nguo na viatu vya kila siku kwa mwanaume aliyevuka arobaini na tano

Suruali niliyoivaa kwenye harusi ya mdogo wangu bado ipo kabatini. Kitambaa kizima, rangi haijapauka, ila zipu ikifika katikati inagoma. Mwaka jana niliivaa hivyo hivyo kwenda kwenye kikao cha ukoo, kifungo cha juu nimekiacha wazi na kukifunika kwa mkanda. Kikao kilichukua saa tatu na sikucheka hata mara moja, kwa kuogopa kitakachotokea.

Wengi wa rika langu tunanunua nguo kwa kumbukumbu. Ukituuliza kiuno tunajibu "thelathini na nne" kwa sababu ndivyo tulivyokuwa tunajibu tangu tunaanza kazi. Muuzaji anakutazama tumbo, anakutazama usoni, ananyamaza, anakuletea thelathini na nane.

Hapa Dar es Salaam mwanaume ana njia tatu za kupata nguo ya kila siku: mtumba, duka la nguo mpya, au fundi cherehani. Nimezitumia zote na zote zimeshanipendeza na kuniudhi. Nitazipima kwa vigezo vilevile, kisha tutashuka miguuni.

Tunapima nini

Kigezo cha kwanza ni umbo. Kwenye umri huu mwili haunenepi sawasawa. Tumbo linakuja mbele, makalio yanasinyaa, mapaja na miguu vinabaki vilevile au vinapungua kabisa. Sasa suruali za kiwandani hukatwa kwa dhana kwamba mwenye kiuno kikubwa ana kila kitu kikubwa. Ukipanda kutoka 34 hadi 38, tumbo linapumua, lakini huko chini miguu inaelea kama mche wa mahindi ndani ya gunia. Kwangu mimi hiki ndicho kigezo kinachobeba vingine.

Cha pili ni joto. Kuanzia Desemba mpaka Machi hewa ya pwani ni nzito, na shati la poliesta tupu linakugandia mgongoni kabla daladala haijafika Ubungo. Walioko Mbeya, Njombe au Arusha wasome hapa kinyume.

Cha tatu ni fedha, ila uzigawe kwa miezi utakayoivaa nguo yenyewe. Cha nne ni muda na usumbufu. Cha tano ni mahali unapokwenda nayo. Wiki ya mtu mzima ina kazi, ina msikiti au kanisa, na mara nyingi ina msiba. Msibani tunavua viatu, tunakaa mkekani, tunainama, tunabeba. Nguo isiyokuruhusu kukaa chini ukainuka bila kushikwa mkono haiwezi kuwa nguo yako ya kila siku.

Mtumba

Kwa Dar nazungumzia Karume na vichochoro vyake, au minada ya Tandika na Manzese. Moshi wana Memorial, Nairobi wana Gikomba.

Kwa upande wa umbo, mtumba una siri moja ambayo wanaume wenye miili wanapaswa kuijua. Marobota mengi yanatoka Ulaya na Marekani, kwa watu wenye miili mikubwa. Kiuno cha 38, 40, hata 42 kinapatikana bila kutafuta kwa tochi. Shati ambalo kola yake inafunga kwenye shingo nene na bado mabega yanakaa mahali pake, mara nyingi utalipata hapa kabla ya kulipata dukani. Tatizo ni urefu. Mwenye suruali wa kwanza alikuwa na miguu mirefu kuliko yako, kwa hiyo weka kando hela ya fundi wa kukunja pindo.

Neno kuhusu kupima. Chumba cha kujaribia hakuna, na wengi tunatumia shingo: unafunga kifungo cha suruali, unauzungusha ukanda wa kiuno shingoni, ncha zikikutana nyuma basi inakutosha. Kipimo hiki kilikuwa cha kweli ukiwa na miaka ishirini na tano. Shingo haiongezeki kwa kasi ya tumbo. Nimeshanunua suruali tatu kwa kipimo cha shingo na zote tatu zimeishia kwa shemeji yangu. Sasa natembea na futi kamba mfukoni. Wauzaji wanacheka mwanzoni, baadaye wanaiazima.

Kwa joto, geuza nguo ndani uangalie kilebo cha pembeni, chini ya mshono wa ubavu. Mashati ya pamba tupu ni mengi, na kitani hupatikana ukibahatika. Lakini nguo hizi zilishonwa kwa ajili ya nchi zenye baridi kali, kwa hiyo flana nzito na kodrai zimejaa. Zinavutia kwa macho, ila kwa Dar ni adhabu.

Fedha inategemea saa. Robota likifunguliwa asubuhi, wanaochambua kwanza wanalipa bei ya juu na wanapata vya daraja la kwanza. Jioni bei inashuka, unanunua kutoka kwenye rundo lililoguswa na mikono mia. Kuna siku nimepata shati la kitani kwa hela ya chipsi mayai, na kuna siku nimerudi na kadeti iliyochanika katikati ya miguu nilipoinama kufunga kamba za viatu.

Muda ndio gharama yake halisi. Mtumba hauendewi na orodha. Ukitaka suruali nyeusi mbili za ofisi unaweza kurudi na jaketi la mvua na fulana mbili. Kisha kuna kuosha kwa maji ya moto, kuanika juani na kupiga pasi vizuri kabla ya kuvaa. Nguo za ndani za mtumba achana nazo, kuziingiza nchini ni marufuku na sababu yake haihitaji maelezo.

Mtumba unamfaa mwenye mwili mkubwa, mwenye Jumamosi huru, na asiye na haraka ya nguo fulani. Haumfai anayehitaji kitu maalumu kufikia Alhamisi. Kama unajiuliza kwa nini biashara hii bado ipo wakati wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana mwaka 2016 kuiondoa hatua kwa hatua: Marekani ilitishia kutuondolea nafuu za AGOA, mpango wake wa kuruhusu bidhaa za Afrika kuingia kwake bila ushuru, nchi nyingi zikarudi nyuma, Rwanda peke yake ikashikilia ushuru wake wa mitumba na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu hiyo kwa upande wa nguo.

Duka la nguo mpya

Kariakoo, Mtaa wa Kongo na mitaa inayoukata. Bidhaa nyingi ni za China na Uturuki, na hapo ndipo suala la umbo linapogeuka. XXL ya nguo nyingi za China ni L ya Marekani. Usione aibu kupanda namba, namba haisomwi na mtu barabarani. Suruali nyingi zinazopangwa mbele ni modo, zimebana kuanzia paja hadi kifundo cha mguu. Kijana zinamkaa. Mtu mwenye tumbo akivaa modo anaonekana kama embe lililochomekwa njiti mbili.

Muuzaji atakwambia, "Mzee wangu, hii inavutika." Ni kweli, ina uzi wa kuvutika kidogo, na kwa mtu wa tumbo ni msaada mkubwa mwaka wa kwanza. Ila uzi huo unachoshwa na pasi ya moto na jua kali. Baada ya muda magoti yanatoka mbele, na suruali inaonekana imechuchumaa hata ikiwa kwenye henga.

Kuhusu joto, dukani kuna poliesta nyingi kuliko mtumba na fundi. Poliesta haikunjiki, haipauki haraka, na mtu anayepigiwa pasi mara moja kwa wiki ataishukuru. Mchanganyiko wa pamba na poliesta ni suluhu ya kati. Poliesta tupu niachie kwa ajili ya ofisi yenye kiyoyozi.

Fedha na muda ni nguvu ya duka. Unaingia saa nane, saa tisa umetoka na suruali mbili za rangi moja, saizi moja. Ikikupendeza, mwezi ujao unarudi kuchukua ya tatu. Mtumba hauwezi hilo. Na kwa mtu ambaye kazi yake ni sare, au anayetaka mashati matano meupe yanayofanana, sioni njia nyingine ya maana.

Duka linamfaa mwenye mwili wa wastani, mwenye haraka, na asiyependa maneno mengi. Halimfai mwenye tumbo kubwa na miguu myembamba, labda apitie kwa fundi kupunguza mapaja. Akifanya hivyo ameshalipa mara mbili.

Fundi cherehani

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu vijana wengi wamemsahau fundi na watu wazima tunamkumbuka vibaya.

Umbo ndiyo hoja yake kuu. Fundi hakati kwa dhana, anakata kwa mwili uliosimama mbele yake. Kiuno 40 na paja la mtu wa 34 kwake ni namba mbili tofauti kwenye daftari, hakuna mgogoro. Ila lazima apime mwili wa kweli. Fundi wangu hapimi kiuno mpaka nizungumze. Ananiuliza habari za mpira, mimi nikianza kulalamika kuhusu Yanga ndipo anazungusha futi. Nilimuuliza sababu, akanijibu: "Baba Neema, mkisimama kimya mnavuta tumbo. Mkiongea linarudi."

Mwambie mambo mawili kabla hajakata. La kwanza, unavalia wapi: chini ya tumbo au juu ya kitovu. Suruali ya chini ya tumbo inahitaji kina kifupi mbele na kirefu nyuma, vinginevyo ukikaa inashuka na watoto wanaona wasiyopaswa kuona. La pili, aache inchi nzima ya akiba kwenye mshono wa nyuma wa kiuno. Mwili huu unaweza kuongezeka tena, na akiba hiyo ndiyo itakayoiokoa suruali.

Kuhusu joto, unachagua kitambaa mwenyewe, Mtaa wa Uhuru kumejaa. Usiamini neno "pamba" la muuzaji. Omba uzi mmoja kutoka kwenye ukingo wa jora, uwashe kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi, inaacha jivu laini linalopeperuka. Poliesta inajikunja, inayeyuka, inaacha kitone kigumu cheusi. Ukikibonyeza kikiwa baridi kinakwaruza kidole. Kitambaa kikishapatikana, kiloweke na kukianika kabla ya kukipeleka kwa fundi, hasa pamba na kitenge. Kama ni cha kusinyaa, kisinyae mapema.

Shati la kitenge la mikono mifupi, linalovaliwa nje ya suruali, ndilo vazi lililotendea haki tumbo la Mwafrika kuliko yote. Ndugu yake ni suti ya Kaunda: koti jepesi, halina tai, linafunika mkanda, na unaingia nalo ofisini hadi kanisani. Ila angalia unakokwenda. Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa la Kenya, Moses Wetang'ula, alipiga marufuku suti za Kaunda ndani ya Bunge. Kwetu bado wazee wanazivaa bila kuulizwa.

Fedha za fundi zinauma siku ya kwanza: kitambaa, ufundi, zipu, vifungo, na "nauli ya kwenda kufuata uzi." Suruali yangu ya kijivu iliyoshonwa kwa kitambaa kizuri ilinigharimu kama suruali mbili za Kariakoo. Nipo nayo mwaka wa nne, imeshafunguliwa mshono mara moja.

Muda ndiyo dhambi yao. "Njoo Ijumaa" ya fundi haina tarehe. Kuna mmoja niliyempelekea kitambaa cha shati kabla ya Pasaka, nikalipata shati baada ya Idi, na kipande kilichobaki nikakikuta kimekuwa kaptura ya mtoto wake. Sikusema kitu, mtoto alikuwa amependeza. Dawa niliyoipata ni kumtajia tarehe iliyo wiki moja kabla ya shughuli, na kutomaliza malipo mpaka nijaribu nguo. Mara ya kwanza mshonee kitu kimoja tu.

Fundi anamfaa mwenye umbo lisilofuata chati, mwenye ofisi au uongozi unaomlazimu kuonekana nadhifu, na anayepanga mambo mapema. Mtu wa dharura atapandwa na presha.

Viatu

Miguu nayo inazeeka. Kadiri miaka inavyokwenda unyayo unatanuka na tao lake linashuka, kwa hiyo aliyekuwa anavaa 42 anaweza kuhitaji 43 bila kunenepa. Nunua viatu alasiri, miguu ikiwa imeshavimba kidogo kwa shughuli za siku. Simama navyo. Mbele ya kidole kirefu pabaki nafasi ya upana wa kidole gumba.

Viatu vya ngozi vina njia mbili, mtumba au vipya vya hapa nyumbani kama vinavyotengenezwa kiwanda cha Karanga, Moshi. Vya mtumba vinaweza kuwa vizuri sana, ngozi iliyoshonwa ambayo fundi viatu wa chini ya mwembe ataibadilishia soli mara mbili. Ila vigeuze utazame kisigino. Kikiwa kimelika upande mmoja, hicho kiatu kimeshajifunza mwendo wa mtu mwingine na kitakufundisha wewe, ukianzia gotini. Kikunje katikati, kisha bonyeza soli kwa ukucha. Zile soli laini za povu huzeeka hata kiatu kikikaa ndani ya boksi, na unyevu wa pwani unaziharakisha. Kinang'aa juu, ukitembea siku mbili soli inamumunyuka kama andazi la juzi. Vipya vya ngozi halisi ni ghali na vinabana wiki ya kwanza, lakini vinaukubali mguu wako, havina historia. Kwa joto ngozi halisi inapumua kuliko ya bandia, na kwa kazi ya ofisi haina mpinzani. Msibani ni mtihani: kamba za kufungua na soksi ambayo hukujua ina tundu. Chukua moka isiyo na kamba.

Raba ni za wanaotembea sana, wanaosimama sana, na wenye magoti yanayolalamika. Dhana hii ya zamani kwamba raba ni za watoto ifutwe, siku hizi raba nyeusi isiyo na mbwembwe inaingia hata ofisini. Zinashika joto, kwa hiyo uwe na pea mbili uzipokezane, moja ikianikwa. Chanzo cha hasara ni kuzifua kwa brashi na sabuni ya unga kila wiki, gundi inaachia.

Makubazi ya ngozi ndiyo kiatu cha pwani. Yanapitisha hewa, yanavuliwa kwa sekunde moja mlangoni mwa msikiti, yanakwenda na kanzu ya Ijumaa na hata na suruali ya kitani jioni. Gharama yake ni ndogo na fundi anayatengeneza kila kona. Hayafai mvua za masika, wala mbanano wa mabasi ya mwendokasi ambako mtu wa buti atakukanyaga na kuomba radhi akiwa bado amekukanyaga. Mwenye kisukari asiyasikie kabisa, wala kandambili. Mguu uliopoteza hisia unaumizwa na kijiwe bila mwenyewe kujua. Yeye avae kiatu kilichofunika vidole, kipana, na kila asubuhi aingize mkono ndani kabla ya kuingiza mguu.

Kwa hali yako

Kama mwili wako umebadilika ndani ya mwaka mmoja au miwili na hujui utaishia wapi, usikimbilie fundi bado. Nunua suruali mbili za duka zinazovutika, uzitumie huku mwili unaamua.

Kama umbo limeshatulia na ni la tumbo na miguu myembamba, suruali zako ziwe za fundi, mashati yawe ya mtumba. Mashati hayana ugomvi na miguu, na saizi zetu huko zipo. Mimi ndivyo ninavyoishi, na ndiyo njia ninayoweza kumpendekezea jirani bila kuogopa kulaumiwa.

Mwenye mshahara unaoisha tarehe 15 na watoto wa shule aende mtumba na futi kamba, na asiogope kulipa zaidi kidogo asubuhi kuliko kununua vitatu vibovu jioni. Fedha ya viatu asiibanie. Pea moja ya ngozi nzuri na kopo la kiwi vitamfikisha mbali.

Dereva, fundi umeme, mtu wa gereji: jinzi na kadeti za mtumba, raba au buti, na shati moja la kitenge la Jumapili. Mwalimu au karani: duka kwa mashati, fundi kwa suruali, moka ya ngozi. Mstaafu aliyerudi kijijini au aliyebaki mtaani kucheza bao ana uhuru wote, avae msuli nyumbani na makubazi nje, ila suti ya Kaunda moja ibaki kwenye henga kwa ajili ya kupeleka posa.

Na kama ni msiba na mnaondoka kesho alfajiri, hapo hakuna ulinganisho. Nenda Kariakoo kabla hawajafunga.

Ile suruali ya harusi niliipeleka kwa fundi mwezi uliopita. Aliufungua mshono wa nyuma, akakuta nusu inchi tu. Akaikunja vizuri akanirudishia. "Baba Neema, hii mpe mwanao." Nilijua kijana ataikataa. Kumbe kaipokea kwa mikono miwili, anasema mabwanga, zile suruali pana, yamerudi. Jumapili nilimwona nayo kanisani, mkanda ameuvuta hadi tundu la mwisho.